Mama wa Makunduchi, Baba wa Chake

Katika somo la uraia kuna mada ya vyama vingi. Kitabu kinaeleza kwamba Tanzania iliurudia mfumo huo Julai 1992, kwamba vyama husajiliwa na Msajili, na kwamba kila mwananchi yuko huru kuchagua chama akitakacho. Kila mwaka nikifika ukurasa huo watoto hutazamana wakacheka chini kwa chini. Hawanicheki mimi. Wanajua kama nijuavyo kwamba hapa Zanzibar vyama ni viwili, na vilivyobaki ni majina kwenye karatasi ya kura. Siku moja niliuliza faida za vyama vingi, na kijana wa kidato cha pili akainua mkono: "Mwalimu, unakusudia vingi au viwili?"

Kicheko hicho nimekulia ndani yake. Mama yangu ni mtu wa Makunduchi, kusini ya Unguja, ambako CCM haihitaji hata kupandisha bendera. Baba alitoka Chake Chake, Pemba, akavuka kuja mjini kufanya useremala, akajenga Ng'ambo. Uchaguzi ukikaribia, wageni wa mama walikaa ukumbini na wageni wa baba wakakaa barazani, na sisi watoto tulipeleka kahawa pande zote mbili huku tumekatazwa kusema huku tulichosikia kule. Mtu aliyezaliwa katika nyumba kama ile huulizwa swali moja umri wake wote: wewe uko wapi? Unachokitaka hakiulizwi.

Ami yangu mmoja aliwahi kujaribu kutoka kwenye swali hilo. Alijiunga na chama kidogo, cha tatu, akawa anakwenda mikutano ya watu wachache na kurudi na vipeperushi. Jaws Corner, pale Mji Mkongwe, wenzake wa kahawa walimwambia ametumwa na CCM kupunguza kura za CUF, chama kikuu cha upinzani wakati ule. Shemeji zake wa Unguja walimwambia ametumwa na CUF kupunguza kura za CCM. Wote walikuwa na hoja, na ilikuwa hoja ile ile: palipo na nusu mbili, kura yako hupimwa kwa kuangalia imemwibia nani. Hakuna aliyesoma vipeperushi vyake. Aliacha, akarudi kucheza bao.

Oktoba 1995 ndiyo mara yangu ya kwanza kupiga kura. Matokeo yaliyotangazwa yalimpa Dk. Salmin Amour wa CCM kura 165,271 na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF kura 163,706. Tofauti ni kura 1,565. Kwenye Baraza la Wawakilishi CCM walipata majimbo 26 na CUF 24, na ndani ya hayo 24 yamo majimbo yote 21 ya Pemba. CUF waliyakataa matokeo na wawakilishi wao wakasusia vikao kwa miaka.

Nilidhani, kwa akili ya ujana, kwamba nchi iliyogawika namna ile ingelazimika kugawana. Asilimia 50.2 kwa 49.8! Kumbe hesabu inakwenda kinyume. Aliyeshinda kwa kura laki anaweza kumpa mpinzani wizara na akalala usingizi. Aliyeshinda kwa 1,565 hathubutu kumwachia mpinzani hata kazi ya utarishi, maana nafasi moja ya utarishi ina mke, watoto wakubwa na wazee wanaopiga kura. Kwa hiyo ushindi mwembamba ndio uliokuwa na ukali. Wapemba wengi walilalamika kuachishwa kazi serikalini miaka ile, na baba alipoteza wateja wa maofisini ambao alikuwa akiwatengenezea meza tangu sijazaliwa. Hakuna aliyemwandikia barua. Waliacha tu kuja.

Babu yetu wa Chake hakushangazwa na lolote katika haya. Yeye alikuwa mtu mzima zama za siasa, yaani miaka ya mwisho ya Mwingereza, wakati watu walikuwa ama Hizbu, yaani chama cha ZNP, ama Afro, yaani Afro-Shirazi. Uchaguzi wa Januari 1961 ulikuwa na viti 22. Afro-Shirazi walipata 10, Hizbu 9, na ZPPP, chama cha tatu chenye nguvu Pemba, 3. Watu watatu wale walikuwa na nafasi ya kuwa kitu cha peke yao. Wawili wakenda Hizbu, mmoja akenda Afro, ikawa 11 kwa 11 na serikali haikuundwa. Na katika viti 10 vya Afro kimojawapo kilikuwa cha Chake Chake, kilichopatikana kwa kura moja. Babu alikuwa akicheka akisimulia kwamba kila mwanachama wa Afro pale mjini aliapa kura ile ni yake, na kila Hizbu aliyechelewa kuamka siku ile alitafutwa na wenziwe.

Kicheko kilikwisha akifika Juni mwaka ule ule. Kiliongezwa kiti cha 23 ili sare isitokee tena, uchaguzi ukarudiwa, na siku ya kura zikazuka ghasia Unguja zilizoua watu 68. Miaka miwili baadaye, Julai 1963, Afro-Shirazi walipata kiasi cha asilimia 54 ya kura zote lakini viti 13 tu kati ya 31. Waliokuwa wachache kwa kura, Hizbu na ZPPP, ndio waliokabidhiwa uhuru Desemba 10, na Januari 12, 1964 Mapinduzi yakafika. Babu, ambaye hakuwa mtu wa kueleza mambo kwa nadharia, alisema kosa halikuwa la hesabu. Kila upande ulikuwa tayari unaamini kwamba ukishindwa umekwisha. Ukishaamini hivyo, nambari yoyote utakayosomewa ni uongo.

Mambo ya kususiana, ambayo sisi tuliyaona baada ya 1995, kwake yalikuwa marudio. Zama zile watu waligomeana maduka, gari za abiria, hata maziko. Na sisi tukayarudia vile vile: Pemba ukiwa CCM ulikosa wa kukuuzia samaki na wa kukubebea jeneza; Unguja ukijulikana ni CUF ulikuta nyumba yako imetiwa alama. Kwao mama, siku ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya, wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa vigogo vya migomba mpaka wakachoka, kisha hula pamoja, na hakuna tume ya kuhesabu nani kapiga zaidi. Nilimwambia mama kwamba Makunduchi wangefaa kuandika katiba yetu. Alinitazama akanijibu kwamba wanaofanya hivyo wote ni ndugu wa mji mmoja, na sisi tunapigana na Wapemba. Alinisahau mimi, na alimsahau mumewe aliyekuwa barazani.

Ubaya wa nusu mbili ulinifika karibu zaidi kupitia kwa mtoto wa ami yangu. Ili uandikishwe kupiga kura Zanzibar sharti uwe na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na njia ya kukipata huanzia kwa sheha, kiongozi wa mtaa, ambaye ni mteule wa serikali. Binamu yangu alizaliwa na kukulia katika shehia ile ile. Sheha akamwambia hamjui. Sheha huyo alikula wali kwenye khitma ya baba yake. Nilikwenda mwenyewe, nikamwamkia kwa heshima zote, akanivuta pembeni: "Mwalimu, mimi nakujueni nyote. Lakini nikimwandika huyu, kesho mimi si sheha." Nilitoka pale sina hasira naye, na hilo ndilo lililonisumbua zaidi. Mtu mmoja alikuwa mlezi wa mtaa mzima asubuhi na mlinzi wa nusu ya mtaa jioni, na mfumo ulimtaka afanye kazi zote mbili kwa uaminifu.

Mtu wa mbali angedhani vyama vinavyochukiana kiasi hicho vina mawazo yanayokinzana. Nimesoma ilani zao, kwa sababu ya kazi. Zote zinaahidi maji, skuli, ajira za vijana, hospitali na bei nzuri ya karafuu. Ukifunika jalada hutajua umeshika ya nani. Tofauti ya kweli ilikuwa juu ya Muungano na juu ya Mapinduzi, na hayo mawili ni mambo mtu anayorithi kwao, hayabadilishwi kwa mkutano wa hadhara. Ndiyo maana sikuwahi kuona upande wowote ukihangaika kumvuta mtu wa upande wa pili. CUF walijua Pemba ni yao hata wasipofanya kitu, na CCM walijua Kusini Unguja ni yao hata wasipofanya kitu. Ushindani mkali kuliko wote niliouona maishani mwangu ulikuwa hauna mshindani anayetaka kunifurahisha. Kwetu Ng'ambo maji ya bomba yalitoka usiku wa manane chini ya kila serikali, na tuliamka na ndoo bila kuulizana vyama.

Sitaki kukaa sana kwenye 2001. Katika maandamano ya CUF ya Januari 26 na 27 waliuawa watu. Tume ya serikali yenyewe ilihesabu 31, na zaidi ya watu elfu mbili walivuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Mwaka mzima kabla ya hapo vijana wa CUF walijiita ngangari na polisi wakajibu kwamba wao ni ngunguri, na sisi tulicheka, tukatia maneno hayo kwenye utani wa mpira. Muafaka wa pili wa CCM na CUF ulitiwa saini Oktoba mwaka ule. Wa kwanza, wa 1999, ulikuwa umeshakufa.

Kisha ikaja siku ambayo wengi hatukuitarajia. Novemba 5, 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu, wawili, bila msuluhishi wa kigeni. Siku chache baadaye Maalim akasimama kwenye uwanja wa Kibandamaiti kuwaambia wafuasi wake kwamba wanamtambua Karume, na wapo waliompigia kelele. Mwaka uliofuata, Julai 31, tukaulizwa kwa kura ya maoni kama tunataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Theluthi moja ilikataa. Niliwajua baadhi yao, na walikuwa wa pande zote mbili. Ni mara ya kwanza niliona CCM na CUF wakikubaliana kwa dhati, nao walikubaliana kwamba hawatakiwi kukubaliana.

Uchaguzi wa Oktoba 31, 2010 nilikuwa karani wa kituo, katika chumba kile kile ninachosomeshea. Hesabu ilikuwa karibu kama ya 1995: Dk. Ali Mohamed Shein 179,809, Maalim Seif 176,338. Pemba majimbo yote 18 yakenda CUF. Lakini safari hii aliyeshindwa alijua anakwenda kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, na pale hoteli ya Bwawani, matokeo yalipotangazwa, alimpongeza mshindi na wakashikana mikono mbele ya watu. Usiku ule nilirudi nyumbani kwa miguu, na mitaa ilikuwa na watu wanaokula urojo. Anayedharau jambo hilo hakuwepo 1995 wala 2000.

Miaka mitano ile ilikuwa mizuri, na ndani yake nilijifunza ukinzani wa pili. Tulikuwa tumeomba amani tukaipata, na bei yake ikawa hakuna mpinzani aliyebaki. Mawaziri walitoka vyama vyote viwili. Umeme ukikatika, waziri wako alikuwa mezani pamoja na waziri wao. Barazani watu walianza kusema "serikali" kwa namna mpya, kama inavyosemwa mvua. Maswali makali kwenye Baraza la Wawakilishi yakawa yanatoka viti vya nyuma, kwa watu wanaowauliza viongozi wa vyama vyao wenyewe, na hapo chama kikaonyesha meno. Mansoor Yussuf Himid, mwakilishi wa Kiembesamaki, aliwahi kuwa waziri. Alifukuzwa CCM Agosti 2013 baada ya kuzungumzia Muungano kwa namna ambayo chama hakikuipenda, na kiti kikaondoka naye. Mwaka mmoja na nusu kabla yake CUF walikuwa wamemfukuza Hamad Rashid Mohamed, mbunge wa Wawi, akakimbilia mahakamani ili abaki bungeni. Wote wawili walichaguliwa na watu wa majimbo yao, na watu hao hawakuulizwa kitu. Nililiandika hili ubaoni kama swali la mjadala: mwakilishi ni wa nani? Mwalimu mwenzangu aliniomba nilifute kabla mkaguzi hajafika. Nililifuta, ila mjadala tulikuwa tumeshaumaliza.

Tuliijenga nyumba juu ya nguzo mbili bila kujiuliza moja ikiondoka itakuwaje. Oktoba 25, 2015 tulipiga kura. Oktoba 28, matokeo yakiwa bado yanatangazwa, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alitangaza kuyafuta yote. Sitarudia hoja za kila upande. Kila mtu hapa anazo kichwani. Mimi nilibaki na kitu kimoja cha kimwalimu. Siku ile ile, katika vituo vile vile, watu wale wale walipiga pia kura za Rais wa Muungano na wabunge. Hizo hazikufutwa. Mwanafunzi aliniuliza inawezekanaje mtu apige kura halali kwa mkono wa kulia na batili kwa mkono wa kushoto, nikamjibu kwamba Tume ni mbili na sheria ni mbili. Lilikuwa jibu sahihi, na hakuna aliyeridhika nalo, mimi nikiwa mmoja wao.

Uchaguzi wa marudio, Machi 20, 2016, CUF waliususia. Dk. Shein akapata asilimia 91.4. Na katiba yetu ya maridhiano ikagota: Makamu wa Kwanza anatakiwa atoke chama cha pili kilichofikisha angalau asilimia 10, na hakikuwepo. Kiti kikabaki kitupu miaka yote ile. Utaratibu uliotungwa ili anayeshindwa asitupwe nje ulikuwa unamtegemea anayeshindwa akubali kushindwa, na yeye alikuwa anasema ameshinda.

Kama kuna siku moja iliyonifunza kuliko nyingine, ni Machi 18, 2019. Mahakama iliamua mgogoro wa uongozi wa CUF kwa upande wa Profesa Ibrahim Lipumba, na siku ile ile Maalim Seif akatangaza kuhamia ACT-Wazalendo. Wakaiita shusha tanga, pandisha tanga. Matawi yaliyokuwa na rangi za CUF kwa zaidi ya miaka ishirini na tano yakapakwa zambarau kabla rangi ya zamani haijajua imeachwa. Baraza la baba halikubadilisha mtu hata mmoja. Wazee wale wale, mkeka ule ule, kofia zile zile za kiua, kadi mpya. Chama ambacho watu walisusiana maziko kwa ajili yake kiliisha mchana mmoja, na nusu ilibaki nzima. Nikaelewa kwa nini babu alikuwa akichanganya majina, akisema Hizbu pale sisi tunaposema CUF, na mimi nikimsahihisha.

2020 tena kura, tena malalamiko, tena watu waliouawa Pemba na Unguja. Dk. Hussein Mwinyi alitangazwa kwa asilimia 76, Maalim Seif akapewa karibu 20. Zile 20 zilitosha kuvuka lile sharti la 10, na Desemba Maalim akaapishwa Makamu wa Kwanza katika serikali aliyosema haikushinda kihalali. Barazani kwa baba waligawika vibaya. Wapo walioona amewauza waliokufa, wapo walioona amewaokoa walio hai, na mabishano yao yalikuwa na heshima ambayo hayakuwahi kuwa nayo kati ya baraza na ukumbi. Februari 17, 2021 Maalim alifariki. Siku ya maziko mama alitoka ukumbini akaja kukaa barazani na wazee wa baba, na alilia. Alikuwa amempigia kura mtu mwingine kila mara, na alilijua jina lake la utotoni.

Sasa tuna jipya nyumbani. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anataka kugombea. Hana shida na Muungano wala Mapinduzi. Ana shida na mtaro. Kila masika maji yanaingia nyumba za mtaa wao, na yeye kasomea ujenzi, anajua pa kuukatia. Alinijia: "Mjomba, naweza kusimama peke yangu?" Nikamweleza kwamba sheria hairuhusu mgombea binafsi, lazima udhaminiwe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipeleka shauri hilo mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha, nayo ikaamua 2013 kwamba katazo hilo linavunja haki, na katazo likabaki pale pale. Akauliza basi achague kipi. Nikamwambia kwa mtaa wake hesabu iko wazi: kimoja kitampa kiti bila kuusikiliza mtaro, kingine kitausikiliza mtaro bila kumpa kiti.

Ametembelea maskani moja ya CCM na baraza moja la upinzani. Kote wamemwambia ni kijana mzuri, na kote wamemuuliza baba wa mama yake alikuwa wa wapi. Hajaamua. Shida yake nyingine ni kwamba amepeleka posa, wazee wa binti ni watu wa Wete, na fomu za uchaguzi zitatoka kabla hawajajibu. Mama amemwambia aanze kwanza kuchagua mke.